Funguo za Wengine

Mtoto wa Munisagara anayemaliza kidato cha sita na kutaka mkopo wa elimu ya juu hana budi kuomba kupitia mtandao. Nyumbani hakuna kompyuta. Basi hutafutiwa nauli, akaenda Kilosa mjini, akaingia steshenari na kukaa kwenye benchi hadi zamu yake ifike. Kijana wa kompyuta humuuliza jina, shule na namba ya mtihani. Baruapepe? Hana. Kijana humfungulia. Nywila? Kijana humbunia, mara nyingi ileile aliyompa mteja aliyetangulia, kisha huiandika kwenye daftari lake. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti huweka yake mwenyewe, ili kazi iende haraka. Mwanafunzi hulipa, hushukuru na kuondoka na karatasi zilizochapwa. Ufunguo umebaki dukani.

Matokeo yake huyaona mtu wa kazi yangu kila mwaka wa masomo unapoanza. Alikuja binti mmoja ofisini akiwa hawezi kuingia kwenye akaunti yake ya maombi. Ujumbe wa uthibitisho ulikuwa ukitumwa kwenye simu ya kijana wa steshenari, na duka lilikwisha kufungwa. Wenzangu walisema amesahau nywila. Nikawauliza: anasahauje kitu ambacho hakuwahi kukijua?

Hapo ndipo ninapotofautiana na semina nyingi za usalama wa mtandao, ambazo huanza na kumbukumbu ya mtu na kumlaumu kwa uzembe. Katika vijiji vyetu swali la kwanza ni nani aliyeshika ufunguo. Msowero, ambako mwaka 1884 Chifu Mangungo alitia alama kwenye karatasi ya Carl Peters, iko katika wilaya hiihii ya Kilosa. Wanafunzi wangu hupenda kumcheka Mangungo. Huwauliza ni wangapi kati yao waliosoma masharti waliyoyakubali kwenye simu zao, na wangapi waliokubaliwa masharti hayo na kidole cha mtu mwingine.

Wazee nao wana habari yao. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, fedha kutoka kwa watoto walioko mjini zimekuwa zikifika kwa simu. Nimemwona bibi akimkabidhi wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, watu wamepanga foleni nyuma yake. Ilikuwa mwaka aliozaliwa mwanawe. Namba ya tarakimu 4 ina uwezekano wa mipangilio 10,000, lakini anayechagua mwaka wa kuzaliwa kati ya 1950 na 2020 amebakiza 71 tu. Hata asingeitaja, jirani mwenye subira angeipata.

Nifanyeje basi, ataniuliza msomaji, nami nina akaunti ishirini? Andika. Najua tuliambiwa nywila haiandikwi. Ushauri huo ulikuwa na maana ofisini, ambako watu walibandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta. Mwizi wa akaunti yako leo huenda yuko nchi nyingine na hawezi kufungua sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha mama yako. Namba ya siri ya simu ndiyo ya kuhifadhi kichwani, kwa kuwa simu na karatasi vikiibwa pamoja, umekwisha.

Nywila yenyewe iwe ndefu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilibadili mwongozo wake mwaka 2017: haidai tena mchanganyiko wa herufi kubwa na alama za ajabu, wala kubadilisha nywila kila baada ya miezi michache pasipo dalili ya kuvuja. Fumba macho, fungua kitabu chochote mara tano, na kila mara chukua neno ambalo kidole kimeangukia. Maneno matano yasiyohusiana hukaa kichwani kwa hadithi ya kipuuzi utakayoyatungia. Usitumie methali wala aya ya dini, maana wakisiaji huanzia huko. Kila akaunti iwe na nywila yake, na ya baruapepe ilindwe kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayorejesha nyingine.

Kwa Munisagara nina nyongeza. Bonde la Mkondoa tunalijua. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaling'oa hata reli, sembuse karatasi. Iweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na vyeti na hati za shamba, mahali pa juu. Nakala ya pili ikae kwa ndugu unayemwamini aishiye mbali na mto.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya uzembe wetu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini huduma zimehamishiwa kwenye mifumo bila mtu kufundishwa kushika ufunguo wake. Kipindi kimoja tu kabla ya mtihani wa kidato cha sita kingetosha: kila mwanafunzi afungue baruapepe yake, aandike nywila yake kwa mkono wake, mwalimu akiwa amegeuka.

Kijana wa steshenari simlaumu. Nilimuuliza mmoja anafanya nini daftari linapojaa. Akanionyesha matatu ya zamani, yamefungwa kwa uzi juu ya rafu. Nikamshauri ayachome.

"Nikiyachoma, mwalimu," akasema, "hawa watu wataingiaje?"