Safu ya Tano

Kuruta wa zimamoto akilikimbilia lori nilikuwa napuliza filimbi. "Umeshakufa. Kaa chini." Wenzake walicheka, naye akakaa vumbini na kofia yake mapajani mpaka zoezi liishe.

Lori lenyewe lilikuwa bovu, la maji, tumeliegesha kwenye uwanja huko Temeke na kulibandika kibao cha rangi ya chungwa: juu 33, chini 1203. Nilitaka wakisome kwa darubini, upepo ukiwa mgongoni. 33 ni kimiminika chepesi sana kushika moto. 1203 ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupai, unatambaa, unashuka mtaroni kimyakimya hadi kwenye jiko la mama lishe ambaye hata lori hajaliona.

Baada ya hapo, tathmini ya vihatarishi. Ubaoni nilichora safu nne: kitu gani, kiasi gani, upepo unaelekea wapi, nani anaishi karibu. Uwezekano mara athari, kila kimoja kwa alama 1 hadi 5. Lori lililopinduka bila moto nililipa uwezekano 2, athari 5. Kumi: rangi ya njano. Niliifundisha njano hiyo miaka mingi, tena kwa kujiamini.

Mifano yangu mikubwa ilikuwa Mbagala, ghala la silaha lilipolipuka tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011. Kote kule watu waliikimbia hatari. Nami nikazoea kupanga njia za kuwatoa.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu waliifuata hatari na madumu mkononi. Lilipolipuka, waliokufa walizidi 100.

Darasa lililofuata, binti mmoja wa kikosi aliutazama ubao wangu. "Samahani, afande. Hawa wa madumu tunawaweka safu gani?"

Sikuwa na pa kuwaweka. Nilihesabu waliopo, sikuwahesabu watakaokuja. Na wakishakuja, pikipiki moja tu ikiwashwa, ile 2 inakuwa 5. Nilifuta kumi, nikaandika 25 kwa chaki nyekundu.

Zoezi lililofuata niliwaomba watu wa mtaani waje na madumu matupu, nikawalipa nauli. Kuruta wakapiga kelele, "Hatari! Rudini nyuma!" Hakuna aliyerudi. Mzee mmoja alimwuliza kuruta, taratibu kabisa, "Mwanangu, bei ya lita unaijua?" Kijana akabaki kinywa wazi. Kitabu cha mwongozo kinataka mita 800 pande zote lori la mafuta likiwaka. Yeye alishindwa kumsogeza mzee mmoja hatua mbili.

Yule binti hakupiga kelele. Alikwenda kumtafuta mwenyekiti wa mtaa, akarudi naye, na mwenyekiti akaanza kuwaita watu kwa majina yao. Madumu yakaanza kurudi nyuma.

Jioni ile nilichora safu ya tano: nani atakuja. Kwenye fomu ya zoezi, juu ya mstari wa povu, nikaongeza nafasi ya namba ya simu ya mwenyekiti.