Kutia Saa Ufunguo

Katika lugha yetu twasema kwamba mtu atia saa yake ufunguo, hata kama saa hiyo haina ufunguo wowote. Maneno haya si ya bure. Zamani saa ya mfukoni ilikuwa na ufunguo wake mdogo. Mwenyewe aliutia katika tundu akauzungusha, na akiupoteza, saa yake ilikuwa bubu hata apate mwingine. Katika miaka ya 1840 fundi mmoja Mfaransa, jina lake Adrien Philippe, alitengeneza saa inayokazwa kwa kifundo kilicho ubavuni mwake, na polepole desturi hiyo ikaenea. Ufunguo umekwenda zake, neno limebaki. Nasi twaona kwamba neno hili lafaa hata leo, maana vidole viwili vya mtu ndivyo vilivyokuwa ufunguo.

Habari za vidole hivyo ndizo tutakazo kueleza. Vijana wengi siku hizi waijua saa kwa macho tu. Mtu atoa simu yake, atazama, arudisha mfukoni. Lakini saa ya kukazwa kwa mkono hujulikana kwanza kwa vidole, kisha kwa masikio, na mwisho kwa macho.

Ndani ya saa hiyo mna kasha dogo la mviringo, mfano wa pipa, na ndani ya kasha mna kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliokunjwakunjwa. Ukizungusha kifundo, magurudumu ya meno yaivuta kamani ijikaze katikati ya kasha. Kamani haipendi kukazwa, yataka kufunguka. Basi katika kufunguka kwake yalisukuma kasha, kasha lasukuma magurudumu mengine, na mwishoni mna gurudumu jepesi liendalo mbele na kurudi nyuma, ambalo huzuia nguvu ile isitoke yote kwa mara moja. Katika saa nyingi za mkono za zamani gurudumu hilo hupiga mara 5 kwa kila sekunde, ndiyo mara 18,000 kwa saa moja. Hivyo nguvu ya vidole ya dakika moja hugawanywa kidogo kidogo, ikatosha mchana na usiku.

Sasa, ishike saa iliyosimama, ukikamate kifundo kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Mizunguko ya kwanza ni mepesi mno, hata mtu adhani hakuna kitu. Lakini vidole vyasikia meno yakipita moja moja, tik, tik, tik, kama mtu ahesabuye punje za mahindi gizani. Mlio huo ni wa ulimi mdogo wa chuma uangukao katika kila jino ili kamani isirudi nyuma. Baada ya mizunguko michache saa yenyewe huamka, na ukiiweka sikioni wasikia imeanza kutembea. Endelea. Kifundo chaanza kuwa kizito, si kwa ghafula, ila kama ndoo ivutwayo kutoka kisimani. Ukikirudisha nyuma kwa kujipanga upya, chateleza kwa urahisi, wala hakipotezi kitu ulichokwisha kuweka. Hata ikifika mizunguko kama 30, pengine zaidi, pengine pungufu, maana kila saa ina kadiri yake, wasikia ukuta. Kifundo chasimama. Hapo saa imesema, Nimeshiba. Mwenye akili huachilia.

Ukuta huo ndio fundisho la kwanza la mwenye saa, wala haufundishwi kwa maneno. Mtoto apewapo saa mara ya kwanza hukaza kwa nguvu ya mkono mzima; akiisha izoea, hutumia ncha za vidole tu. Tena wazee walituambia tuivue saa mkononi kabla ya kuikaza, maana ikiwa imevaliwa kifundo huvutwa upande, na kijiti chake huchakaa.

Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu, na kengele ya shule ilifuata saa yake. Kila asubuhi saa kumi na mbili, akiisha kunawa uso, aliketi kizingitini akaitia ufunguo kabla ya kunywa chai. Hakusema na mtu wakati huo. Nasi tulio watoto tulijua kwa mlio ule kwamba siku imeanza, na ya kuwa aliyelala bado ataitwa kwa jina lake lote.

Siku moja aliikaza kama desturi, na usiku wa siku ile ile akafariki. Asubuhi yake nyumba ilikuwa imejaa watu, wala hapana aliyekumbuka saa. Lakini ilipotulia kelele kidogo, tuliisikia juu ya meza, ikitembea. Ilitembea wakati wa maombi, ilitembea tulipokwenda makaburini, na tuliporudi tuliikuta ingali ikitembea. Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo hakuna kitabu kilichotufundisha: nguvu iliyokuwa ikisukuma akrabu zile ilikuwa ni nguvu ya vidole vyake. Yeye tumekwisha kumzika, na kazi ya mkono wake ilikuwa haijaisha. Magharibi ikasimama yenyewe. Shangazi akasema, "Iacheni, wanangu. Imemaliza posho yake."

Siku saba tuliiacha. Tulijua kwamba atakayeikaza ataweka nguvu yake mwenyewe ndani, na ile ya mzee haitarudi tena. Lakini shule ilikuwa yangoja kengele, na saa isiyokazwa mafuta yake hukauka vivyo hivyo kwa miaka, kwa hiyo kuiacha kimya si kuitunza. Basi siku ya nane tuliishika. Kifundo kilikuwa chepesi, kikawa kizito, kikafika ukutani. Ukuta ulikuwa mahali pale pale alipoukuta yeye kila asubuhi. Vidole vyetu vilisimama vilipokuwa vikisimama vidole vyake. Tangu siku hiyo hatuhesabu kuwa kazi hii ni usumbufu.

Kuna watu waogopao kuijaza saa hata mwisho, wakisema kwamba saa iliyojazwa sana hufa. Sivyo. Saa imejengwa ipate kujazwa. Saa iliyojaa isipotembea, ugonjwa wake ni mwingine: vumbi limeingia, au mafuta yamekauka, au gurudumu limekwama. Vidole hutambua magonjwa mengine pia. Kifundo kikizunguka bila uzito wowote, hata ukizungusha mara mia, yaelekea kamani imekatika. Kikiwa kigumu tangu mwanzo na chakwaruza, usikilazimishe; mpelekee fundi. Lakini saa nyingine hujikaza zenyewe kwa mwendo wa mkono. Mwingereza John Harwood alipata hati ya saa ya namna hiyo mwaka 1924. Nyingi za namna hii za sasa ukizikaza kwa kifundo hazina ukuta, kwa sababu ncha ya kamani huteleza ndani ya kasha ikishajaa. Usidhani ni mbovu.

Tena mwaka 1969, siku ya Krismasi, kampuni ya Seiko ilianza kuuza huko Tokyo saa ya mkono iendayo kwa betri na kipande cha jiwe la kwatzi. Twaikubali kazi ile. Saa ya namna hiyo, hata ya bei ndogo, hushika majira kuliko saa yetu ya kamani, ambayo huweza kukosea sekunde kadhaa kila siku. Anayetaka majira tu, na anunue ya betri, wala hatutamcheka. Lakini betri haikuulizi habari zako. Saa ya kamani yakuuliza kila siku neno moja: Je, umenikumbuka? Nayo haikubali jibu la jana. Huwezi kuikaza leo kwa ajili ya wiki nzima, hata ukiwa na nguvu kama za Samsoni, kwa kuwa ukuta haukuruhusu.

Naam, wasomaji, wengi wetu twapenda kazi kubwa ya siku moja kuliko kazi ndogo ya kila siku. Twalima shamba kwa vishindo, kisha palizi yatushinda. Twaandika mtoto shuleni kwa furaha, kisha hatuulizi daftari lake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha saa ni mizunguko 30, wala hakipokei zaidi. Kwa hiyo mwenye saa ya namna hii aichague saa yake ya kuikaza, na asubuhi ni bora, ili iwe na nguvu tele wakati inapovaliwa na kutikiswa. Aikaze taratibu, asikilize vidole vyake, na ikisema imeshiba, aiweke chini akaendelee na kazi.