Kontena la mama

Jamani, mama yangu alikuwa analala dukani. Si kwamba hana nyumba, anayo hapo hapo Kilindoni. Ila wezi walishamvunjia mara mbili, basi akawa anatandika mkeka katikati ya magunia ya unga. Nilipokwenda likizo akaniambia, "Mwanangu, nitafutie kontena. Kontena halivunjwi."

Wazo likanikolea. Mimi ripota wa gazeti, naishi Dodoma, na kila siku napita kwenye makontena yaliyogeuzwa maduka, saluni na ofisi. London waliyapanga ghorofa kwa ghorofa mwaka 2001, wakaita Container City. Mafia tushindwe na nini? Nikaanza kudunduliza.

Baada ya miezi minane nikampigia mjomba, fundi mwashi. Akacheka kwanza, kisha akauliza, "Litafikaje?"

Nikanyamaza. Kontena la futi 20, hata likiwa tupu, lina zaidi ya tani 2. Bara linafika na mzigo wake, na kulirudisha tupu bandarini Dar es Salaam ni gharama, ndiyo maana mengine yanauzwa huko huko. Sisi bidhaa za dukani zinavuka maji gunia kwa gunia, boksi kwa boksi. Kontena ingebidi tulivushe lenyewe, tupu, halafu tutafute winchi ya kulishusha. Rahisi ya Dodoma ni anasa ya Kilindoni.

"Na chumvi je?" mjomba akaendelea. Chuma chake kimetengenezwa kuvumilia kutu, kweli, lakini ukishakata dirisha na kuchubua rangi, upepo wa bahari hauna simile. Na jua la saa saba, bila dari wala matundu ya hewa, humo ndani ni tanuri.

Nikabisha. "Mjomba, mama anaogopa wezi, si joto."

"Wezi waliingilia wapi?"

"Mlangoni." Mara zote mbili. Duka ni la tofali, mlango ni wa mbao.

"Basi mnunulie mlango."

Wadau, niliona aibu. Miezi minane naota London, mama yuko sakafuni! Hela zikaenda kwa fundi wa kuchomelea: mlango wa chuma na nondo za dirisha. Sasa mama analala nyumbani kwake.

Juzi nimempigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Na kontena langu lini?"

Aliyewahi kuvusha kontena kwenda visiwani anipe bei, tafadhali.