Gari Nalo Likapanda Treni

Likizo ya Desemba tuliipeleka Florida Mustang ya marehemu Baba bila kuiendesha, maana chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula bati. Kutoka Lorton, Virginia, treni ya Amtrak hubeba abiria na magari yao hadi Sanford, kilomita zipatazo 1,370, usiku kucha. Tulipoacha ufunguo, Mama alisema, "Baba yenu hakumwachia mtu, wanangu." Mfanyakazi akabandika namba mlangoni, akaliingiza gari ndani ya behewa lililofunikwa. Safari nzima hulifikii. Asubuhi tukasubiri, aliyetangulia kupakia si lazima atangulie kushushiwa. Namba yetu ilipoitwa, Mama alitupita, akafungua mlango wa dereva. Baba akiwa hai, hakuwahi kuliendesha.