Tuwape Watoto Wetu Saa Moja ya Utulivu



Ndugu zetu wazazi, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Sisi tunaosomesha madrasa hapa Kasese tunazijua kelele za mji, maana tunashindana nazo kila jioni. Mtoto anasoma Suratul Mulk, na nje boda boda zinapiga honi, duka la simu limetoa spika barazani, kinyozi naye ana muziki wake, na malori yanayokwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe yananguruma. Mtoto ili ajisikie hupandisha sauti, na mwenzake hupandisha zaidi. Mwishowe darasa zima linapiga ukelele, na aya zilizohifadhiwa jana leo zimepotea.

Likizo moja tuliwapeleka wanafunzi Mweya, katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth iliyoanzishwa mwaka 1952. Mweya ni rasi, pale mfereji wa Kazinga unaotoka Ziwa George unapoingia Ziwa Edward. Baada ya sala ya Alasiri tuliwaambia wanyamaze, kila mmoja ahesabu sauti anazozisikia. Wakataja viboko, tai mvuvi, upepo, injini ya boti mbali. Mdogo wao akasema, "Maalim, mimi nimemsikia mwenzangu akipumua."

Basi Mweya nako kuna sauti. Kiboko akinguruma husikika mbali, lakini akishamaliza hunyamaza, na ndege mdogo naye akasikika. Utulivu ndio huo: kila sauti ipate nafasi yake bila kuimeza nyingine.

Dini yetu imetufunza hayo zamani. Luqman alimuusia mwanawe ashushe sauti (31:19). Katika sala tumeamrishwa tushike njia ya kati, si kelele wala kunong'ona (17:110). Na amepokea Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma Qur'an kwa sauti za juu, akafunua pazia akawakataza wasiudhiane, kwa kuwa kila mmoja wao anazungumza na Mola wake. Ikiwa kisomo cha Qur'an kimewekewa mpaka, je, redio na televisheni?

Hapa tuambizane ukweli sisi kwa sisi. Adhana ni wito, lazima isikike, nayo ni dakika chache tu. Mawaidha marefu ya usiku kupitia spika za juu ya paa ni jambo jingine. Hapa kwetu majirani wengi si Waislamu, na katika nyumba zao kuna wagonjwa, kuna mama aliyejifungua, kuna mtoto mwenye mtihani kesho. Mama mmoja alimwendea imamu wa mtaani kwake kwa adabu akamwambia, "Sheikh, adhana nimeizoea, ndiyo inayoniamsha. Hayo mengine hamwezi kuyasema ndani?" Tangu hapo spika za nje huzimwa baada ya adhana, na wasikilizaji hawakupungua. Saudi Arabia nayo mwaka 2021 iliagiza spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na iqama tu.

Uganda iliweka kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2003, nasi huzitaja tunapowalalamikia wenye mabaa. Anayedai haki na aanze kuitoa.

Ndugu wazazi, safari ya Mweya ina gharama, wala si kila familia itaimudu. Lakini kila nyumba inao wakati wake wa utulivu, nao ni baina ya Magharibi na Isha. Sisi tuliopo karibu na ikweta tumeneemeka, wakati huo hautupungui wala kutuzidi sana mwaka mzima: ni saa moja na dakika kidogo. Televisheni izimwe, simu ziwekwe kapuni, za baba na mama zikiwa za kwanza. Kisha mtoto asome, na mzazi amsikilize. Hata mzazi asiyejua kusoma Qur'an akae tu, asikilize. Mtoto anayesikilizwa nyumbani hana haja ya kupiga kelele ili ajulikane yupo.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) azitie utulivu nyumba zetu, na awajaalie watoto wetu masikio yenye kusikia na nyoyo zenye kuzingatia. Amin.

Wabillahi tawfiq.