Saa mbili ya nani?

Sisi wa internati saa ilituponza. Mama ya mwenzetu mmoja alituma neno toka Lubunga: atavuka mto na mtumbwi, atatungoja pale bandarini saa mbili, na feza ya masomo mkononi. Sisi tuliozoea kengele ya Kifaransa tulisikia «deux heures», tukashuka nyuma ya chakula cha mchana. Kumbe mama alifika asubuhi, akangoja mpaka jua likawa kali, akarudi. Mwenzetu alifukuzwa darasani, akakosa interro mbili mbele feza ifike.

Mama hakukosa. Hapa karibu na ikweta jua linatoka na kuingia karibu wakati ule ule mwaka mzima, basi Waswahili wanahesabu toka asubuhi: sept heures ni saa moja. Wafaransa wanaanzisha siku usiku wa manane, watu wote wakilala. (Nani anaiona ikianza?) Na radio ya Kinshasa nayo iko nyuma yetu saa moja nzima!

Hata Matayo 20 ilitushinda. Wale walioitwa shambani saa kumi na moja, tulifikiri ni mbele ya adhuhuri, hatukuelewa wenzao walinung'unika nini. Kumbe ilikuwa cinq heures ya jioni, kazi ilibaki saa moja tu.

Sasa mwenzetu anamwandikia mama: «saa mbili ya asubuhi». Mama akacheka sana: «Mwanangu, ile ya usiku ningevuka mto na nani?»