Mikate Mitamu ya Denmark

Kila nchi ina chakula chake cha kila siku, na kila nchi ina chakula chake cha furaha. Huko kwetu Kivu chakula cha kila siku ni ugali na sombe. Siku ya furaha huchinjwa mbuzi, na mandazi hukaangwa tangu alfajiri. Sisi na jamaa yetu tumehamia Denmark, nchi ndogo ya Ulaya ya kaskazini, nasi twakaa katika kisiwa cha Fyn, si mbali na mji wa Odense. Ndugu walio nyumbani hutuuliza mara nyingi: «Je, watu wa huko wanakula nini?» Chakula chao cha kila siku ni mkate mweusi, mzito, mchachu kidogo, nao twaweza kuueleza kwa maneno machache. Lakini mikate yao ya furaha ina mambo mengi ndani yake. Hiyo ndiyo tutakayowasimulia leo.

Mwajua kwamba nchi hii ni ya baridi. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu ya asubuhi, na kabla ya saa kumi limekwisha kutua. Watu hawakai nje mbele ya nyumba, hawaitani kwa sauti toka ng'ambo ya barabara. Mgeni aweza kupitisha miezi bila kuitwa nyumbani kwa mtu, wala si kwa sababu wamchukia. Ndiyo desturi yao. Lakini upo mlango mmoja ulio wazi kwa wote tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, nao ni mlango wa duka la mwokaji. Juu yake hutundikwa alama ya mkate uliosokotwa kama fundo, wenye rangi ya dhahabu na taji juu yake. Ni alama ya zamani ya chama cha waokaji. Ukiingia unakamata kikaratasi chenye namba, unangoja zamu yako. Tajiri hampiti maskini, mwenyeji hampiti mgeni. Hapo ndipo tulipojifunza maneno yetu ya kwanza ya Kidenmark, maana tumbo ni mwalimu mwema.

Mkate wao mtamu unaojulikana duniani pote una jina la kushangaza. Waingereza na Wamarekani wauita «wa Denmark». Wadenmark wenyewe wauita wienerbrød, maana yake mkate wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Na ukienda Vienna, watu wa huko wauita kwa jina la Copenhagen, mji mkuu wa Denmark! Kila mmoja amsifu jirani yake. Habari yake husimuliwa hivi: mwaka 1850 wafanyakazi wa waokaji wa Copenhagen waligoma. Wenye maduka wakatafuta watu wa kazi toka nchi za nje, na wengine wakatoka Austria. Hao wakaja na ufundi wa kwao wa kukunja siagi ndani ya unga. Mgomo ulipokwisha, Wadenmark waliushika ufundi ule, wakaongeza mayai na siagi zaidi, ukawa wao.

Kazi yenyewe yataka subira. Mwokaji huukanda unga wa ngano pamoja na maziwa, mayai na chachu, kisha huusukuma uwe bapa. Juu yake huweka siagi baridi, hukunja mara tatu, husukuma tena. Halafu huupumzisha mahali pa baridi, maana siagi ikiyeyuka kabla ya wakati wake kazi yote imeharibika. Hufanya hivyo mara tatu. Tatu mara tatu mara tatu ni 27: ndizo tabaka za siagi zilizomo ndani ya mkate mmoja mdogo. Ukiingia tanurini, maji yaliyo katika siagi huwa mvuke, mvuke huinua kila tabaka, na mkate huvimba mwepesi kama majani makavu. Mmoja huzungushwa na mdalasini, nao waitwa konokono kwa ajili ya umbo lake. Mwingine hukunjwa pembe zake nne na kutiwa jamu katikati. Mwingine hunyunyizwa mbegu ndogo nyeusi. Sisi tulio wageni twaufurahia mkate huu kwa sababu mbili: kwanza ni mtamu, pili watukumbusha kwamba kitu kilicholetwa na mgeni chaweza kuwa fahari ya nyumba nzima. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini msidhani kwamba nchi nzima yaoka namna moja. Kila upande una gato yake. Hapa Fyn yao ni brunsviger, jina lililotoka katika mji wa Braunschweig wa Ujerumani. Haina madaha. Unga wenye chachu hutandazwa katika sinia, na mwokaji huubonyeza kwa vidole hata uwe na mashimo mengi. Kisha humwaga sukari nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na siagi. Sukari hujaa mashimoni, na ikiiva yabaki laini na ya kunata. Watu wa Fyn hubishana: wengine wapenda kipande cha pembeni kilicho kigumu, wengine wapenda cha katikati chenye mashimo ya kina. Sisi nyumbani kwetu tumegawanyika vilevile.

Kwa gato hii mtoto wetu alipata jina darasani. Alipotimiza miaka saba mwalimu alituambia kwamba mwenye sikukuu ya kuzaliwa ndiye awaleteaye wenzake gato. Tulistaajabu, maana tulifikiri mwenye sikukuu hupewa. Jirani yetu mmoja, mama mzee akaaye peke yake, ambaye twamwita Koko kama kwetu, alifuatana nasi mpaka dukani. Akasema: «Huku Fyn ni sherti iwe brunsviger.» Mwokaji akaikata kwa umbo la mtu, akaipamba kwa pipi na vibendera vyekundu vyenye msalaba mweupe. Darasani watoto walisimama wakamwimbia mwenzao. Mtoto wetu alikuwa amekaa miezi minne shuleni bila kusema, hata watoto wengine hawakujua kutamka jina lake. Siku ile alipita meza kwa meza akigawa, na kila aliyepokea alimwuliza jina lake, akalitamka na kushukuru. Alirudi nyumbani akisema bila kukoma. Tukaelewa hekima ya desturi ile: anayetoa huonekana.

Sasa twendeni kusini, mpaka wa Ujerumani, upande uitwao Sønderjylland. Huko gato ilikuwa silaha ya watu wasio na silaha. Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vitani na Prussia na Austria, na nchi ile ikachukuliwa. Watu wengi wenye moyo wa Kidenmark wakabaki chini ya utawala wa Wajerumani hata mwaka 1920. Walipotaka kukutana, wenye nyumba za wageni waliogopa kuwapokea kwa ajili ya serikali. Basi wakajijengea nyumba zao za mikutano. Lakini ruhusa ya kuuza pombe walikataliwa. Wafanye nini? Wakanywa kahawa. Na wanawake wakaleta gato, kila mmoja ile aijuayo kuliko wengine. Wakakaa saa nyingi wakila, wakisema lugha yao na kuimba nyimbo zao.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile meza ya kahawa ya Sønderjylland ijulikanayo hata leo. Husemwa kwamba meza kamili ina aina saba laini na aina saba ngumu. Malkia wa meza ni gato ya tabaka iliyookwa kwa makombo ya mkate mweusi, ikitiwa jamu ya matunda meusi na utando wa maziwa uliopigwa hata ukawa povu. Angalieni: mkate mweusi wa maskini umegeuzwa kuwa gato ya heshima! Katika vita ya 1914 hata 1918 vijana wa huko walilazimishwa kupigana katika jeshi la Wajerumani, na zaidi ya 5,000 hawakurudi. Mwisho, tarehe 10 Februari 1920, watu wa upande wa kaskazini walipiga kura, na karibu 75 katika kila 100 wakachagua kurudi Denmark. Hatusemi kwamba gato zilishinda utawala. Lakini watu walioketi pamoja mezani kwa miaka 56 hawakusahau wao ni nani. Sisi tuliotoka katika nchi ya vita na ya kukimbia twalifikiri sana neno hili.

Upande ule ule uko mji wa Christiansfeld, uliojengwa mwaka 1773 na Wakristo wa jamaa ya Moravia. Nyumba zake ni za matofali ya rangi ya manjano, zimepangwa kwa unyofu, na mwaka 2015 mji uliandikwa katika urithi wa dunia. Gato yake ni ya asali, nayo yaokwa huko tangu 1783. Ni kavu, ina harufu ya viungo, na yakaa siku nyingi bila kuharibika. Ni chakula kizuri cha kufunga safari nacho.

Tena iko mikate ya kalenda. Dominika kabla ya Jumatano ya Majivu Wadenmark hula mikate ya mviringo iliyojaa krimu, na watoto huvaa mavazi ya kuchekesha na kupiga pipa kwa fimbo hata pipi zimwagike. Zamani watu walimaliza siagi na mayai kabla ya mfungo wa Kwaresima. Nchi hii iliacha Ukatoliki mwaka 1536, na mfungo ukaachwa pole pole. Mkate wa kuuaga mfungo ukabaki! Koko alipotukuta siku ya Jumatano tunakula kidogo tu, alituuliza sababu. Tulipomweleza alicheka akasema: «Kumbe, mimi miaka yote nimekula karamu ya kuaga, wala sikujua ninamwaga nani.»

Na mwingine ni mkate wa Siku Kuu ya Sala. Mwaka 1686 sheria ya mfalme iliweka siku moja ya sala na kufunga kwa nchi nzima, Ijumaa ya nne baada ya Pasaka. Waokaji hawakuruhusiwa kufanya kazi siku hiyo, hivyo walioka mikate midogo ya ngano, yenye harufu ya iliki, usiku wa kuamkia. Watu wanunue leo, wale kesho. Lakini nani aweza kuvumilia mkate wa moto? Wakaula usiku uleule, na ikawa desturi. Mwaka 2023 bunge liliifuta sikukuu hiyo ili kupata fedha za ulinzi, na tangu 2024 Ijumaa ile ni siku ya kazi. Maelfu ya watu walipinga barabarani, hawakusikilizwa. Walakini jioni ya Alhamisi ile watu bado hupanga mstari mbele ya duka, nasi kati yao. Serikali yaweza kuondoa siku katika kalenda; kuiondoa mezani ni kazi nyingine.

Haifai kusifu utamu bila kuuliza sukari ilitoka wapi. Zamani sukari ya Denmark ilitoka katika visiwa vyake vya Amerika: Saint Thomas, Saint John na Saint Croix. Waliolima miwa huko walikuwa Waafrika. Merikebu za Denmark zilichukua watu zaidi ya 100,000, wengi wao toka pwani ya Ghana ya leo, ambako ngome ya Christiansborg yasimama bado katika mji wa Accra. Sheria ya 1792 ilikataza biashara ile kuanzia 1803, lakini watumwa visiwani hawakupata uhuru mpaka 3 Julai 1848, walipoinuka wenyewe kuudai. Visiwa viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917. Leo sukari yatoka katika mizizi ya biti ilimwayo katika kisiwa cha Lolland na jirani zake. Jioni moja tulisema mambo haya na Koko, vikombe mkononi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Sherti yasemwe mezani, maana ni mezani tulipoila sukari ile.» Tuliona ni neno la haki, tukamheshimu zaidi.

Siku hizi maduka madogo ya waokaji yapungua. Maduka makubwa huuza mikate iliyotengenezwa mbali kwa mashine, ikapashwa moto tu, na bei yake ni nafuu. Kijiji kikipoteza mwokaji wake, chapoteza pia mahali pa kusalimiana. Mwokaji wa mji wetu hatupi kitu: vipande vilivyobaki jana huvisaga, huvitia kakao, huvivingirisha kwa viganja, na kuviuza kama vitufe vyeusi vitamu, ambavyo watoto hupenda kuliko vyote. Mashine ya mbali haijui mabaki ya jana.

Ndugu wasomaji, hatuwaambii mtafute siagi ya Denmark. Mandazi ya mama zenu yatosha. Twawaomba neno moja: msiache meza. Mkiwa na unga kidogo, okeni. Mkiwa na jirani akaaye peke yake, mwiteni. Watoto wakiwa karibu, waambieni habari za wazee, tamu na chungu pamoja. Sisi huku, kila Jumamosi saa kumi, twaandaa kahawa ya Kivu na brunsviger ya Fyn, na Koko huja bila kupiga hodi.